Saa ya Kompyuta Haikosei kwa Namna Moja

Kompyuta inayowaka ikidai kwamba leo ni 1 Januari 2009 ina tatizo lake. Iliyochelewa kwa dakika nne ina lake. Iliyo mbele kwa saa tatu kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua, ina jingine kabisa. Hata hivyo katika nyumba nyingi huku Kenya, kuanzia Ndabibi na Maiella hadi mjini Nakuru, zote tatu hushughulikiwa kwa njia ileile: mtu anabofya saa iliyo pembeni mwa skrini, anasogeza tarakimu mpaka zilingane na za simu yake, kisha anaendelea na kazi. Kesho yake kosa limerudi, pengine kwa sura mpya, na lawama inaangukia virusi, intaneti au uzee wa mashine.

Ninavyoona mimi, ukubwa wa kosa ndio ushahidi wa kwanza, na ni ushahidi unaopotea mara tu mtu anapogusa tarakimu. Kabla ya kurekebisha chochote, andika kompyuta inasema ni tarehe gani na saa ngapi, andika saa ya kweli, kisha utoe moja kwa nyingine. Miaka inaelekeza kwenye betri. Saa kamili zinaelekeza kwenye mipangilio ya eneo. Dakika chache zinaelekeza kwenye mwendo wa kawaida wa saa yenyewe. Fundi anayesahihisha kwanza na kuuliza baadaye amekifuta alichotakiwa kukisoma.

Nianze na kosa la miaka, kwa kuwa ndilo linalowasumbua zaidi wenye kompyuta za mezani za mkono wa pili. Kwenye bodi kuu ya kila kompyuta ya aina hiyo mna saa ndogo inayojitegemea. Katika ukoo wa kompyuta zilizotokana na IBM, utaratibu huu ulikita mizizi mwaka 1984, kampuni hiyo ilipotoa modeli ya PC/AT ikiwa na chipu yake ya saa. Kabla ya hapo mtumiaji wa kawaida aliulizwa tarehe kila alipowasha mashine, akaiandika kwa mkono. Chipu hiyo huhesabu mitetemo ya fuwele ya kwatzi, mitetemo 32,768 kila sekunde, na kompyuta ikiwa imezimwa huendelea kuhesabu kwa nguvu ya betri bapa ya volti 3. Betri imechapwa CR2032: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Ikifa, saa husahau kila kitu na kurudi kwenye tarehe iliyowekwa na watengenezaji wa bodi. Ndiyo maana kompyuta mbili za modeli moja, betri zake zikiisha, zinaweza kurudi kwenye mwaka uleule.

Kuna jambo kuhusu betri hii ambalo halisemwi vya kutosha. Kompyuta ya mezani ikizimwa lakini waya wake ukabaki kwenye soketi iliyo na umeme, kifaa chake cha ndani cha kusambaza umeme bado hutoa mkondo mdogo, na saa hula huo badala ya betri. Betri hufanya kazi hasa pale umeme unapokatika kabisa. Sasa fikiria maisha ya huku kwetu. Msimu wa mvua, radi inaponguruma upande wa Eburru na Mau, mwenye nyumba mwangalifu huzima swichi ya ukutani na kuchomoa waya. Anayehesabu tokeni za stima hufanya hivyo kila jioni. Kisha stima yenyewe hupotea. Umeme wa mvuke wa Olkaria, ulioanza kuzalishwa mwaka 1981, unatoka kusini mwa Ziwa Naivasha, na Ndabibi iko magharibi mwa ziwa hilohilo, lakini ujirani huo haumwondoi mtu kwenye giza la gridi ya taifa: usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilizimika. Kompyuta ya Ndabibi basi inaitegemea betri kwa saa nyingi kuliko kompyuta ya ofisi ambayo waya wake hauchomolewi mwaka mzima. Mashine hiyohiyo, iliyokwisha kutumika miaka kadhaa Ulaya au Marekani kabla ya kufika Mombasa, mara nyingi huja na betri yake ya tangu kiwandani.

Simshauri mtu aache kuchomoa waya. Radi ikipiga, hasara yake ni kompyuta nzima. Betri ni kitu cha bei ndogo kinachopatikana kwenye maduka ya saa na vifaa vya umeme. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Sahihisha saa, zima mashine, chomoa waya usiku mzima, na asubuhi uiwashe bila kuiunganisha na intaneti. Ingia kwanza katika ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla Windows haijaanza, ambao mafundi huuita baiosi, uitazame saa pale. Kama imesimama au imerudi miaka nyuma, betri imekwisha. Kuitazama saa ya Windows peke yake hakutoshi, kwa sababu intaneti, ikiwa imeunganishwa, inaweza kuwa imeificha dosari mara tu ulipoiwasha.

Kabla ya kuitoa betri, piga picha kurasa zote za baiosi kwa simu. Betri ikitoka, si tarehe pekee inayofutika; mpangilio wa namna diski inavyosomwa unaweza kubadilika pia, na kompyuta iliyokuwa na shida ndogo ya saa ikakataa kuwaka kabisa. Kisha chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, fungua kifuniko, sukuma kibanio na uweke betri mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Na betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, hata iliyochoka inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Huyo apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Kosa la dakika chache halihitaji maneno mengi. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea kwa sehemu ishirini katika milioni, nayo ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Wapo wanaolaumu baridi ya nyanda hizi zilizo zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Baridi huipunguza kasi fuwele kweli, lakini kwa chini ya sekunde moja kwa siku. Kompyuta inayopoteza nusu saa kila usiku haijapatwa na baridi. Irudishe kwenye jaribio la betri.

Kosa la saa kamili ndilo lenye hila zaidi, na ndilo linalorekebishwa vibaya zaidi. Ndani kabisa, kompyuta ya leo hufanya hesabu zake kwa saa ya dunia (UTC), ile inayofuatwa na mataifa yote, kisha huongeza au kutoa saa kulingana na eneo lililochaguliwa. Kenya iko mbele kwa saa tatu. Mashine iliyotoka Uingereza ikiwa bado imewekewa eneo la London itaonyesha saa tatu nyuma yetu wakati wa baridi kule, na saa mbili nyuma baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi, Waingereza wanaposogeza saa zao. Iliyopitia Dubai itakuwa mbele kwa saa moja. Iliyotoka Los Angeles itakuwa nyuma kwa saa 11 au 10 kutegemea msimu. Mwenye kompyuta akiona kosa lake linabadilika kwa saa moja mwezi Machi na tena Oktoba au Novemba, asiangalie betri hata kidogo: Kenya haisogezi saa kwa misimu, kwa hiyo mashine yake inaishi kwa kalenda ya nchi nyingine.

Anachofanya mtu wa kawaida ni kusogeza tarakimu. Tuseme kompyuta bado imewekewa Los Angeles, ni msimu wa baridi kule, Kenya ni saa sita mchana, naye anaiandikia 12:00. Skrini sasa inafanana na simu yake, naye ameridhika. Lakini kompyuta imeelewa kwamba ni saa sita mchana Los Angeles, na saa yake ya ndani imekwenda mbele ya dunia kwa saa 11. Akituma barua pepe kwa programu iliyo ndani ya kompyuta hiyo, inaweza kuonekana kwa mpokeaji wa Nairobi kana kwamba imetumwa saa tano usiku. Zile tarakimu za siri za kuingilia kwenye akaunti, zinazobadilika kila sekunde 30, zikitengenezwa na programu ya kompyuta hiyo zitakataliwa, kwa sababu zinakokotolewa kutokana na saa ya ndani. Kisha siku moja anawasha usahihishaji wa moja kwa moja. Intaneti inairekebisha saa ya ndani kwa haki, na ghafla skrini inaonyesha saa ya Los Angeles. Anaamini intaneti imemharibia saa, anauzima usahihishaji huo, anaandika tarakimu zake upya. Mzunguko huu unaweza kuendelea miaka. Saa iliyopotea waziwazi ina nafuu kuliko hii, kwa sababu angalau haimdanganyi mwenyewe kwamba imepona.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi si jambo la hiari. Eneo kwanza: kwenye orodha ya Windows ni Nairobi, yenye UTC+03:00, kwenye Linux ni Africa/Nairobi, kumbukumbu inayotumika pia kwa Dar es Salaam, Kampala, Mogadishu na Addis Ababa. Tarehe na mwaka baadaye. Dakika mwisho kabisa.

Jambo la eneo huchukuliwa kana kwamba liliumbwa pamoja na Bonde hili la Ufa, kumbe ni uamuzi wa serikali, na umebadilishwa zaidi ya mara moja. Kumbukumbu za kimataifa za saa za maeneo, ambazo kompyuta na simu nyingi hubeba nakala yake, zinaonyesha kwamba Kenya ilikuwa mbele kwa saa mbili na nusu hadi katikati ya 1928, ikaenda saa tatu, ikarudi saa mbili na nusu mapema 1930, ikawa saa mbili na dakika 45 kuanzia 1937, na ikatulia kwenye saa tatu mwezi Agosti 1942. Jua halikushauriwa. Kwa longitudo ya Ndabibi, jua hufika utosini kwa wastani karibu saa sita na dakika 35, likiwahi au kuchelewa kwa takriban robo saa kulingana na mwezi. Anayetaka kusahihisha kompyuta kwa kivuli cha mti atakosea hata akiwa makini.

Nchi bado hubadilisha. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Laptopu iliyowekewa Juba, isiyopata masasisho tangu kabla ya siku hiyo, bado itaonyesha saa yetu. Hapo wa kulaumiwa ni kanuni iliyopitwa na wakati. Betri haina hatia wala mtumiaji.

Lipo pia kosa la saa sita kamili. Nyumbani tunahesabu tangu mapambazuko, naye mtoto anayeambiwa aweke saa moja asubuhi anaandika 1:00. Kompyuta huanza siku yake usiku wa manane, kwa hiyo saa moja yetu ya asubuhi ni 7:00 na ya jioni ni 19:00. Kosa la saa 12, la kuchanganya AM na PM, hujitambulisha lenyewe: tarehe hubadilika mchana, watu wakiwa chakulani. Chagua mfumo wa saa 24 na kosa hilo halitarudi.

Wenye Windows na Linux kwenye kompyuta moja wana shida yao. Windows huandika saa ya Kenya kwenye chipu. Linux huandika saa ya dunia. Kila mmoja akisoma kilichoachwa na mwenzake anakosea kwa saa tatu, huyu nyuma, yule mbele. Suluhisho ni kuchagua utaratibu mmoja. Kwenye Linux, amri ya timedatectl inaweza kuiagiza ikubali saa ya eneo kwenye chipu, na kwa nchi isiyosogeza saa kwa misimu, kama yetu, njia hiyo haina madhara makubwa.

Eneo likishawekwa sawasawa, intaneti ingefaa kumaliza makosa yaliyobaki, na mara nyingi humaliza. Itifaki inayotumika, NTP, iliasisiwa na David Mills, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Delaware, ikachapishwa rasmi mwaka 1985, na alipofariki Januari 2024 ilikuwa ikiendesha saa za mashine nyingi sana duniani. Kompyuta huiuliza seva saa, hupima muda ambao swali na jibu vilichukua njiani, kisha huondoa ucheleweshaji huo. Kila ujumbe ni baiti 76 tu pamoja na anwani zake, kwa hiyo hata anayetumia bando la simu hana sababu ya kuuzima usahihishaji ili aokoe data.

Tatizo huja kosa linapokuwa kubwa mno. Tovuti salama hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vile vilivyoanza kutolewa bure na Let's Encrypt mwaka 2015 vilikuwa vya siku 90. Kompyuta inayoamini ni 2009 huona cheti ambacho bado hakijazaliwa, ikakataa kufungua ukurasa. Mtu anayejaza ritani za kodi za KRA siku za mwisho kabla ya 30 Juni, au kijana anayeomba mkopo wa masomo wa HELB, anadhani tovuti imeanguka. Na Windows ya nyumbani, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa kusahihisha tofauti inayozidi saa 15, kwa hofu kwamba huenda ni hila. Hapo mkono wa mtu unahitajika: weka eneo, mwaka, mwezi, siku na saa iliyo karibu na ukweli, ndipo uiruhusu intaneti imalizie sekunde. Simu iliyo hewani inatosha kukupa saa hiyo. Pasipo mtandao, taarifa ya habari ya redio mwanzoni mwa saa inatosha pia.

Lakini si kila onyo la tarehe ni kosa la saa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi, kilichotegemewa na tovuti nyingi sana, kiliisha muda, na kompyuta za zamani zisizopata masasisho zikaanza kutoa maonyo ingawa saa zake zilikuwa sahihi. Wapo waliorudisha tarehe nyuma ili kurasa zifunguke. Wengine hufanya hivyo ili programu ya majaribio isiishe. Napinga vyote viwili. Kila faili inayohifadhiwa katika kipindi hicho inabeba tarehe ya uongo, na nakala mpya ya hesabu za chama inaweza kufutwa kwa kudhaniwa kuwa ya zamani. Wala aliyechelewa kuwasilisha ritani hapati chochote kwa kurudisha saa yake, maana saa inayohesabiwa ni ya seva.

Uzito wa jambo hili unafika mahakamani. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinakubali rekodi za kompyuta kwa masharti, na moja ya masharti hayo ni kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa katika kipindi husika, au kwamba hitilafu yake haikuathiri rekodi. Mweka hazina wa kikundi cha wakulima anayetunza vitabu kwenye kompyuta ya nyumbani anaweza siku moja kuulizwa malipo fulani yaliandikwa lini. Kama mashine yake ilikuwa ikirudi 2009 kila stima ikipotea, wakili wa upande wa pili hahitaji hoja nyingine.

Mwenye kudhani haya ni mambo ya wataalamu akumbuke mita ya tokeni iliyo ukutani kwake. Kila tokeni hubeba muda iliotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu wateja wa Kenya Power walitumiwa tarakimu za ziada, mafungu mawili ya tarakimu 20 kabla ya tokeni yenyewe, na waliokuwa hawajaziingiza hadi siku hiyo mita zao hazikuweza tena kupokea tokeni mpya. Mifumo ya zamani ya kompyuta inayohesabu sekunde tangu 1970 katika nafasi ya biti 32 ina siku yake pia: 19 Januari 2038, na kwa saa za Kenya itakuwa 06:14:07, alfajiri.

Nawaomba wauzaji wa kompyuta za mkono wa pili, wa Naivasha, Nakuru na kwingineko: badilisheni betri kabla ya kuuza, na muiwekee mashine eneo la Nairobi mbele ya mnunuzi. Nawe unayenunua, mwambie muuzaji aichomoe kompyuta, asubiri dakika kumi, kisha aiwashe na kukuonyesha tarehe ikiwa ndani ya baiosi. Ikiwa imerudi nyuma, dai betri mpya kabla ya kulipa.